Nyonyo ya Nyamizi

Nyonyo yenyewe aliinunua Emelyne, Jumatano moja ya Desemba, kwenye kibanda cha urembo kilicho jirani na pale anaposhonea nguo. Ilikuwa ya rangi ya waridi, ina pete ya kushikia na utepe wa kuning'iniza, imefungwa kwenye karatasi ngumu yenye picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka. Aliingia nayo nyumbani, akaiweka mezani karibu na chupa ya chai, akaketi kumnyonyesha mwanawe. Mama mkwe wake, Gaudensia, aliiona tangu ilipotua mezani. Akaendelea kukunja nepi.

Gaudensia alikuwa amekuja Makanyagio, mjini Mpanda, kutoka kijijini Mwamkulu mwezi wa kumi, mjukuu alipozaliwa. Alikuja na kuku wawili, unga wa muhogo nusu gunia, na nia ya kukaa mpaka mtoto akomae shingo. Mwanawe Fabiani ni fundi wa kujenga. Wakati ule alikuwa Inyonga, wanapandisha madarasa, na nyumbani alifika mara moja kwa mwezi, pengine asifike kabisa. Mtoto alikuwa wa kike. Fabiani alimpa jina la Nyamizi, jina la mama mzazi wa Gaudensia, na Emelyne alikubali bila ubishi. Jambo hilo lilimgusa Gaudensia kuliko alivyoonyesha, kwa sababu alijua hakustahili.

Hakustahili kwa neno moja alilolitamka miaka miwili nyuma. Fabiani alipoleta habari kwamba amepata mchumba, na kwamba ni binti wa Mishamo, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi, Gaudensia aliuliza mbele ya mashangazi na majirani: "Wasichana wa Mpanda nzima wameisha mpaka ukaokote mkimbizi?" Emelyne alizaliwa Mishamo. Baba yake, mzee Séverin, alizaliwa hapo hapo Mishamo. Vyeti vya uraia wanavyo, na Burundi Emelyne anaisikia tu kwenye hadithi za bibi yake. Neno lile lilimfikia. Maneno ya namna ile hayakosi mtu wa kuyabeba. Ndoa ilifungwa kanisani, Gaudensia akacheza na kupiga vigelegele kama wengine, lakini tangu siku hiyo kila Emelyne alipomwambia "Shikamoo, mama," aliitoa kama mtu anayesalimia karani dirishani.

Emelyne alikuwa anamshonea mama mmoja aitwaye Theopista, mwenye cherehani nne kwenye chumba cha barazani, nyumba tano tu kutoka pale walipopanga. Desemba ndiyo mwezi wa sare za shule. Sketi za buluu na mashati meupe zinarundikana mpaka juu ya kiti cha wageni, na kila mzazi anasema yake ndiyo ya haraka. Theopista alimvumilia Emelyne wiki saba tangu ajifungue. Wiki ya nane alikuja mwenyewe, akamsifia mtoto, akanywa chai, na alipokuwa anavaa ndala mlangoni akasema kwamba Jumatatu isipomkuta Emelyne kwenye mashine, itabidi akae mtu mwingine, maana shule hazimsubiri mtu.

Basi wakakubaliana. Mtoto atabaki na bibi yake. Akilia, bibi atambeba mgongoni ampeleke kwa Theopista, Emelyne atasimamisha mashine, atanyonyesha nyuma ya pazia la kupimia nguo, kisha ataendelea na kazi.

Lakini Nyamizi alikuwa mtoto wa kulia. Siku za mwanzo Gaudensia alikanyaga tope la njiani mara sita, mara saba kwa siku, mjukuu mgongoni, mwavuli mkononi. Akifika wateja wanageuka kutazama. Theopista hakatazi, ila anaanza kuhesabu vifungo kwa sauti. Na nyuma ya pazia mtoto hashibi upesi. Anashika titi, anaachia, analia, anashika tena. Emelyne anatoka huko amekunja uso, anarudi kwenye mashine kama mtu aliyetoka kugombana.

Ndiyo ikaja ile Jumatano. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Emelyne aliichukua nyonyo mezani akaigeuzageuza mkononi.

"Mama, nataka tumzoeshe hii."

"Kwa ajili gani?"

"Atulie. Si kila akilia ana njaa. Saa nyingine anataka tu kitu cha kunyonya. Watoto wa Theopista wametumia wote wawili, mmoja yuko sekondari sasa hivi, hana shida yoyote."

"Sikatai," Gaudensia alisema. Alikuwa anamfunga mtoto nepi, akamaliza kwanza. "Nesi alisemaje?"

"Nesi Josephina alisema tusubiri mpaka mtoto azoee titi. Si ameshazoea? Wiki ya tisa hii."

"Mimi namwona anashika, anaachia. Anashika, anaachia. Ndiyo kuzoea huko?"

Emelyne akaishusha nyonyo. "Unataka kusema sina maziwa?"

"Sijasema hivyo, mwanangu."

"Maana nyie mna maneno yenu."

Gaudensia alimweka mtoto begani. Kisha akajaribu tena, taratibu. "Ninachosema ni kwamba mtoto akilia tunajua anaomba. Tukimpa hiyo kitu, tutajuaje?"

"Nitajua. Mimi ndiye mama yake." Akatazama saa ya simu. "Na kama hatuwezi hivyo, niambie nikaache kazi, Fabiani aje anikute nimekaa namsubiri yeye tu. Ndivyo mnavyotaka?"

Gaudensia alikuwa na jambo la kumwambia tangu jana. Mtoto wake wa pili, Sabina, alifariki akiwa na miezi minne, mwaka mvua zilipokatika na yeye mwenyewe akalazwa na malaria mpaka maziwa yakakauka. Siku tatu za mwisho Sabina aliacha kulia. Na Gaudensia, pale kitandani, alimshukuru Mungu kwamba mtoto ametulia, ameanza kupata nafuu. Tangu hapo mtoto mchanga aliyenyamaza sana humtia hofu. Angeweza kuyasema hayo. Lakini yanasemwaje, mbele ya mzazi mwenye mtoto wa wiki tisa, na mzazi huyo anakuona tangu zamani kama mtu asiyemtakia mema? Itaonekana unamwombea mabaya. Akayameza. Akachukua sufuria ndogo, akaiweka jikoni, akaichemsha ile nyonyo, na Emelyne alipoondoka, mkono ulioitia mdomoni mwa Nyamizi ulikuwa mkono wa bibi yake.

Siku ya kwanza mtoto aliitema. Ya pili akaishika. Wiki haikuisha, alikuwa anailalia.

Safari za kwa Theopista zikapungua. Kutoka saba zikawa nne, kutoka nne zikawa mbili. Sare zilitoka kwa wakati, Theopista akamsifu Emelyne mbele ya wenzake, akampa na kipande cha kitenge. Sikukuu ya Krismasi Fabiani hakuja, mvua ilikuwa imeharibu barabara. Alipiga simu akauliza mtoto anasumbua? Emelyne akamjibu kwa furaha kwamba siku hizi hasumbui kabisa, ni malaika. Gaudensia alipopewa simu aliulizwa habari za miguu yake, akajibu miguu haijambo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha, kwa hiyo yeye ndiye aliyeona. Mwanzoni aliona kwenye mapaja. Ngozi iliyokuwa imejaa ikaanza kuwa na mikunjo. Halafu nepi. Aliyomfunga asubuhi ilikuwa kavu mpaka adhana ya mchana. Alimbeba akaenda naye kwa Theopista ingawa hakuwa analia. Emelyne akamtazama na pini mdomoni.

"Kwani analia?"

"Halii. Mnyonyeshe tu."

"Mama, nina watu watatu wanasubiri. Akilia mlete."

"Hawezi kulia na hiyo kitu mdomoni."

Mteja mmoja akacheka, akidhani ni utani wa mkwe na mkwe. Emelyne hakucheka. Alimchukua mtoto akaingia naye nyuma ya pazia, na punde si punde akatoka naye.

Jumapili baada ya misa Gaudensia aliingia chumbani na beseni la maji ya kumwogesha mtoto, hakubisha hodi kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa. Akamkuta Emelyne amekaa ukingoni mwa kitanda ananyonyesha, pindo la kanga ameling'ata kwa meno, machozi yanamtiririka mpaka shingoni bila sauti. Mtoto alipoachia, Gaudensia aliona. Chuchu ilikuwa imepasuka, ina kidonda chekundu kilichoizunguka kama kamba. Na titi la pili lilikuwa hivyo hivyo.

Akaweka beseni chini. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Wiki ya kwanza! Na mimi nipo humu humu ndani. Hukusema?"

"Ningesema nini, mama?" Emelyne alijifuta uso kwa kiganja. "Mpate la kusema? Kwamba mkimbizi hata kunyonyesha hajui?"

Ndipo Gaudensia alipoelewa ni kitu gani kilinunuliwa kwenye kile kibanda. Haikuwa tu kazi, wala sare za watu. Mwanamke huyu alikuwa anasikia kilio cha mwanawe kama mtu anavyosikia hatua za anayekuja kumchapa, na alitafuta chochote cha kukichelewesha. Na hakuwa na wa kumwambia. Mama yake yuko Mishamo, huku ana mama mkwe tu.

Angeweza kumwomba radhi pale pale. Maneno yalimfika mdomoni. Lakini mtoto alikuwa mapajani, mwepesi, macho makubwa, na hilo ndilo aliloliona kuwa la kwanza.

"Kesho kliniki," alisema. "Theopista atasubiri."

Walifika mapema, lakini mabenchi yalikuwa yameshajaa. Mmoja wa waliokuwa wamekaa alikuwa Esteria, mpangaji wa nyumba ya jirani, akiwa na watoto wake pacha. Nyamizi aliwekwa kwenye mizani ya kuning'inia. Nesi Josephina alisoma, akatikisa mizani, akasoma tena, kisha akachukua kadi, akaweka nukta, na kuvuta mstari kutoka nukta ya mwezi uliopita. Mstari ulikwenda chini. Hata asiyejua kusoma angeuelewa.

"Mama Nyamizi, mtoto badala ya kuongezeka anapungua. Mnampa nini?"

"Maziwa yangu tu."

"Mara ngapi kwa siku?"

Emelyne akamrekebishia mtoto kanga. Nesi akaanza kumfungua mtoto nguo, na kutoka kwenye mikunjo ya kanga ile nyonyo ikaanguka ikabaki inaning'inia kwa utepe wake. Nesi akaishika kwa vidole viwili.

Josephina hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusema na wengi. "Hii ndiyo inamnyonyesha? Niliwaeleza nyie wote hapa. Mtoto anayeongezeka uzito vizuri, anayenyonya vizuri, mama yake akitaka kumpa atampa, aichemshe. Lakini huyu alikuwa bado anajifunza titi. Akinyonya mpira ameshachoka, maziwa ya mama nayo yanapungua kwa sababu hakuna anayeyavuta. Na njaa yake hamtaiona. Nani kampa mtoto hii kitu?"

Mabenchi yote yakageuka kutazama.

"Bibi yake," Emelyne akasema, chini sana.

"Nani?"

"Bibi yake. Mimi nakuwa kazini."

Gaudensia alifungua mdomo. Alimtazama mkwe wake, akaona jinsi alivyoukumbatia ule mfuko wa kliniki kifuani, juu kabisa ya vidonda vyake. Akaziona zile nyuso za mabenchini, zote za mjini hapa, zote zenye shangazi na dada wa kuwapelekea habari. Akajua likisemwa la kweli mbele ya nyuso zile litatembea kuliko lile lake la zamani, na litatembea likiwa na neno Mishamo ndani yake. Na mkono ulioitia mdomoni, hata hivyo, ulikuwa wake. Akafunga mdomo. Aliona kama analipa. Aliona kama mambo sasa yatakuwa sawa kati yao wawili.

"Bibi! Wewe ni mtu mzima, umezaa, umelea," nesi alisema. "Mtoto analia njaa, wewe unamziba mdomo? Ulitaka kulala?"

"Nimekosea, mwanangu," Gaudensia akasema.

Mama mmoja akaguna. Esteria akatikisa kichwa polepole, akiwa ameshaanza kuipanga habari.

Nesi alimpeleka Emelyne chumba cha pili. Huko vidonda vilionekana, na huko sauti ikashuka. Alifundishwa namna ya kumweka mtoto, kifua kwa kifua, mdomo wazi kabisa, ashike na weusi wa titi si ncha peke yake. Alifundishwa kukamua kwa mkono, na kupaka maziwa yake mwenyewe kwenye vidonda. Wakaambiwa warudi kila wiki. Walipotoka, Emelyne alitangulia mbele njia nzima. Gaudensia alimfuata nyuma na mfuko, anangoja neno. Mlangoni Emelyne aligeuka.

"Leo nitapika mimi, mama."

Ndilo neno alilopewa.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma Gaudensia baadaye, kwamba zilikuwa nzuri kweli. Theopista alikubali Emelyne ashonee mapindo nyumbani. Nyonyo ilitupwa chooni. Gaudensia alimpikia mkwe wake uji wa karanga, mlenda, samaki wa ziwani kutoka Karema, akamshikia mtoto mgongo wakati anajifunza kushika titi upya. Vidonda vilikauka. Mtoto alilia, akanyonya, akalia, akanyonya, na wiki ya pili mstari wa kadi ukainua kichwa. Siku hiyo Emelyne alicheka mbele ya mama mkwe wake, mara ya kwanza tangu aolewe.

Lakini nje ya mlango habari ilikuwa imeshazunguka. Gaudensia aliijua bombani. Mama mmoja alimwondoa mtoto wake pajani mwa Gaudensia, kwa adabu, akisema anataka kumbadilisha nguo. Mwingine akamuuliza, "Bibi Nyamizi, mjukuu anaachiwa kula siku hizi?" Akamwambia anakula. Akabeba ndoo yake akarudi. Kila siku alingoja Emelyne amwambie mtu mmoja tu ukweli. Hata Esteria. Hata kwa kuuzungusha.

Fabiani alirudi katikati ya Januari. Kabla hajafika nyumbani, dereva wa bodaboda aliyemchukua stendi alikuwa ameshampa pole ya mtoto na kumweleza kisa chote. Aliingia, akamnyanyua mwanawe, akamtazama mikono na miguu, akamrudishia mkewe. Chakula kiliandaliwa. Hakukigusa.

"Mama, ni kweli?"

"Kweli ya nini, baba?"

"Kwamba mtoto alikuwa anakufa na njaa, wewe unamziba mdomo na mpira."

Gaudensia akamtazama Emelyne. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, sketi ya buluu mapajani, anapiga pindo. Sindano haikusimama.

"Muulize mke wako."

"Nimemuuliza nikiwa njiani, kwa simu. Amenisihi nisikuseme. Amesema wewe ni mtu mzima, hukujua, niyaache." Fabiani alipumua kwa nguvu. "Yeye amekutetea, mama. Wewe ulimtukana, halafu yeye ndiye anakutetea."

Sindano iliingia, ikatoka.

Gaudensia alikuwa na muda wa kusema. Baadaye alijihukumu kwa muda ule, aliurudia rudia akiwa anapalilia, anachota maji, anasali. Lakini angesema nini? Neno lake dhidi ya neno la mzazi aliyetoka kuuguza vidonda, ndani ya nyumba ya watu wawili waliooana kwa shida na shida nyingine aliileta yeye. Akasema lile ambalo halikuwa uongo. "Aliyemtia hiyo kitu mdomoni ni mimi. Kweli."

"Ulimzika Sabina, mama," Fabiani akasema. "Nilikuwa na miaka mitano, nakumbuka. Hukujifunza?"

Emelyne aliinua kichwa. Hilo jina hakuwa amewahi kulisikia. Alitazama mume, akamtazama mama mkwe, midomo ikafunguka kama inataka kutoa kitu, kisha mtoto akalia na yeye akainuka upesi akaingia naye chumbani, kunyonyesha.

Gaudensia aliondoa sahani, akaosha, akazifunika. Asubuhi alifunga mzigo wake. Fabiani alimsindikiza mpaka barabarani, akamtafutia bodaboda, akamlipia dereva, na hakusema zaidi ya kumwambia dereva aendeshe taratibu, mvua imechimba barabara.

Mwamkulu ilimpokea na magugu. Maharage yalikuwa yamemezwa. Alipalilia peke yake, akapanda tena palipokufa, akavuna kidogo. Habari za mjini zilimjia kwa watu: mtoto ameketi, mtoto ameota meno, mtoto amebatizwa Pasaka. Kuhusu ubatizo Fabiani alikuwa amemtumia ujumbe, kwamba akipata nafasi aje. Aliusoma ule ujumbe mara nyingi, akitafuta ndani yake mwaliko, akauona wa mtu anayetimiza wajibu. Akapika togwa siku hiyo, akawagawia majirani, akasema mjukuu wake anabatizwa leo na yeye miguu imemvimba.

Mwezi wa sita, mahindi yakiwa yanapukuchuliwa, bodaboda iliingia uani. Emelyne akashuka, mtoto mgongoni. Nyamizi alikuwa na miezi minane, mashavu yanaanguka, mikono imejaa pete za unono. Gaudensia aliacha gunzi, akasimama, akanyoosha mikono. Mtoto akamtazama mara moja, akaangua kilio, akajificha shingoni kwa mama yake.

"Hakujui tu," Emelyne alisema haraka. "Atazoea."

"Atanijua wapi?" Gaudensia alisema, akarudi kwenye kigoda chake.

Dereva aliambiwa asubiri kule kwenye kivuli cha ghala. Emelyne hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alipiga magoti pale pale kwenye maganda ya mahindi, amempakata mtoto.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Niliinunua mimi. Nikakusingizia mbele za watu. Niliogopa wangesema... wewe unajua wangesema nini. Halafu ulivyonyamaza, nikaona kila siku inayopita ni ngumu zaidi. Na siku ile Fabiani alipokutamkia la Sabina, mama, sijalala vizuri tangu siku ile."

Gaudensia aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinadondoka kwenye ungo.

"Na mimi nilikukosea," alisema. "Lile neno la mkimbizi. Nilipaswa nikuombe radhi kabla hujanizalia mjukuu. Nakuomba sasa."

Emelyne akalia. Gaudensia akamwacha alie. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Umemwambia mumeo?"

Emelyne akaokota punje moja kwenye maganda.

"Umemwambia Fabiani?"

"Bado, mama. Nitamwambia. Nikimwambia sasa hivi, ataniona mimi ni mtu gani? Sasa ndiyo tunaanza kuelewana. Amepata kazi ya karibu, analala nyumbani..." Akajifuta uso. "Theopista anataka nirudi kazini. Fabiani mwenyewe ndiye amesema nije nikuchukue. Amesema hana kinyongo."

Na kama vile alikuwa anasikiliza, Fabiani akapiga simu. Emelyne alipokea, akaweka sauti ya nje, akamnyooshea mama mkwe wake ile simu, na macho yake yalikuwa yanaomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, mimi sina mengi. Yaliyopita yamepita. Mtoto ni mzima, umemwona. Kila binadamu anakosea. Mimi nimeshakusamehe, na mama Nyamizi naye amekusamehe, ndiyo maana amekuja mwenyewe. Rudi nyumbani."

Gaudensia alimtazama Emelyne. Alimpa muda mrefu, mrefu kuliko ule wa mkekani. Kuku alipita katikati yao akadonoa punje, akaenda zake. Emelyne alikuwa ameinamisha uso, anampangusa mtoto mdomo uliokuwa mkavu.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Asante kwa kunisamehe. Ila nina mahindi hapa, siwezi kuyaacha."

"Mahindi si yanaisha wiki hii?"

"Mengi," Gaudensia alisema, akamrudishia mwenyewe simu yake.

Alimfungia Emelyne mahindi na maharage kwenye mfuko wa salfeti, akamwekea na karanga za kuongeza maziwa, akamwonyesha dereva namna ya kuufunga mzigo usimwangukie mtoto. Hakumkaripia. Emelyne alipomshika mkono na kusema, "Nitamwambia, mama, nipe muda tu," alimjibu, "Sawa." Pikipiki ikaondoka, vumbi likatulia.

Jirani yake Nyanzala alikuwa amesimama kwenye ua wake muda wote, na sasa alikuja, ungo kiunoni, kusaidia kupukuchua na kusikia.

"Yule si mkweo? Kaja kufanya nini?"

"Kaniletea salamu za Fabiani. Anasema amenisamehe."

"Afadhali," Nyanzala akasema, akivuta kigoda. Naye kisa cha nyonyo alikisikia zamani. "Mungu mkubwa. Una bahati ya mkwe, wengine wasingekuja."

Gaudensia alimsogezea nusu ya mahindi.